Vespa ya zamani na safari ndefu: tubebe vifaa gani vya kujikwamulia njiani?

#1 – Mleta uzi

Assalaam alaykum wadau, na habari za kutwa. Nimefungua uzi huu kwa sababu swali lile lile limenifikia mara nyingi kutoka kwa vijana wanaonunua vespa za zamani hapa Unguja, na kutoka kwa wenzao wa Dar es Salaam wanaozifufua zile zilizolala mabandani miaka mingi: mtu akitoka na chombo chake kwenda mbali, abebe vifaa gani ili kikimgomea njiani aweze kukitengeneza mwenyewe na kuendelea na safari? Nitaeleza nilivyojifunza kwa vespa yangu, ambayo ni ya aina ya PX, yenye injini ya cc 150, na wenye aina nyingine wasahihishe pale namba za spana zinapotofautiana.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikirudi Mjini kutoka Makunduchi, jua linakaribia kuzama, na nilipofika karibu na msitu wa Jozani mkono wa klachi ulilegea ghafla ukagusa mpini. Waya wa ndani ulikuwa umekatika chini kabisa, pale unapofungwa kwenye injini. Waya mpya nilikuwa nao. Nilikuwa pia na boksi zuri la soketi, vipande arobaini, ambalo nilikuwa nimelinunua kwa fedha nyingi na kulifunga nyuma ya kiti kwa mpira. Nilichokosa ni spana mbili ndogo, namba 7 na namba 8, za kushikia kile kifungo kidogo kinachoubana waya kwenye mkono wa klachi. Soketi haifai pale, kwa sababu kifungo lazima kishikwe kwa spana moja huku bolti yake ikikazwa kwa spana nyingine. Usipokishika kinazunguka, kinaupinda waya, na nyuzi zake zinaanza kukatika mojamoja mbele ya macho yako. Nilijaribu kwa koleo hadi nikaharibu kichwa cha bolti. Nikarudi Mjini bila klachi, nikikimbia pembeni ya chombo kila kiliposimama, nikakirukia kilipowaka, na kubadilisha gia kwa kulegeza mafuta na kusikiliza injini.

Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kununua kifaa kwanza kisha kukitafutia kazi. Naanza na hitilafu: ni nini hasa huharibika kwenye vespa, ni kipi kati ya hivyo kinaweza kutengenezwa na mtu mmoja aliyechuchumaa kando ya barabara, na kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho inadai spana zipi. Kinachobaki baada ya maswali hayo matatu ndicho kinachoingia kwenye mfuko, na mtashangaa jinsi kilivyo kidogo.

Chombo chenyewe kinatusaidia, maana kilibuniwa na mtu aliyelifikiria jambo hili. Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyeichora Vespa kwa kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, Italia, alitoka kwenye kazi ya ndege na helikopta, na miongoni mwa mambo yaliyomkera kwenye pikipiki za wakati wake ni mnyororo unaochafua nguo na taabu ya kubadilisha tairi lililopata pancha. Kwa hiyo chombo kilichoombewa hataza tarehe 23 Aprili 1946 hakina mnyororo, na gurudumu lake la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege yanavyoshikwa. Kwenye PX, ambazo zilianza kutoka kiwandani mwaka 1977, gurudumu la mbele na la nyuma ni mamoja, ukubwa wa 3.50-10, na la akiba limejificha ndani ya ubavu wa kushoto, yaani kile kifuniko cha pembeni. Mwenye PX anayesafiri bila gurudumu hilo, au akiwa nalo halina upepo, ameikataa zawadi kubwa kuliko zote aliyoachiwa na mhandisi huyo.

Naanza na plagi, kwa sababu injini ya mipigo miwili huichafua plagi kuliko injini za pikipiki zetu za kawaida. Wakati mwingine chembe ya kaboni hukwama kati ya ncha zake mbili ikajenga kidaraja, na injini huzima papo hapo kana kwamba mtu amezima swichi. Kinachohitajika ni spana ya plagi namba 21, brashi ndogo ya waya wa shaba na plagi mpya. Hapa naomba tuwe waangalifu sana. PX za 125 na 150 zinatumia plagi yenye shingo fupi, kwa mfano NGK B7HS, ambayo nyuzi zake zina urefu wa milimita 12.7; PX ya 200 inatumia ya shingo ndefu, milimita 19, kwa mfano B7ES. Ukiifunga ndefu kwenye injini ya 150 itachomoza ndani ya silinda na inaweza kugongwa na pistoni. Niliwahi kuuziwa ile ndefu dukani nikiambiwa kwamba zote ni sawa, na kilichoniokoa ni kuzilinganisha mbili hizo kiganjani kabla ya kufunga. Plagi ya akiba ibaki ndani ya boksi lake na izungushiwe kitambaa, kwa sababu ikitupwa tu kati ya spana mtikisiko huipasua kauri yake au hulibana pengo la ncha, ambalo linatakiwa liwe kama milimita 0.6. Ongezeni na kofia ya plagi, ile inayopokea waya mnene wa umeme. Ni nyepesi, bei yake ni ndogo, na huchoka bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje.

Nyaya ndizo zinazostahili maelezo marefu. Kwenye PX kuna waya wa klachi, nyaya mbili za gia, waya wa mafuta (wa kuongeza na kupunguza mwendo), na nyaya za breki. Wa klachi ndio unaokatika zaidi kwa sababu hubanwa kila mara, hasa kwenye foleni za Darajani na Mwanakwerekwe. Msibebe waya mrefu kama ulivyotoka dukani. Pimeni ule wa zamani nyumbani, kateni mpya kwa urefu unaofaa na ziada ya kiganja kimoja, kisha ncha yake ichovyeni kwenye risasi ya kulehemu ili nyuzi zishikane. Ukifanya hivyo hutahitaji kubeba koleo kubwa la kukatia, na waya hautafumuka unapoupitisha kwenye tundu la kifungo ambalo ni jembamba kuliko kiberiti. Upakeni grisi, uviringisheni duara kubwa, uwekeni ndani ya mfuko wa plastiki na mwandike jina lake juu, kwa sababu gizani waya wa klachi na wa gia hufanana mno.

Kifungo cha waya nacho ni cha kubeba, viwili kama inawezekana, kwani bolti yake ndogo ikidondoka kwenye mchanga wa kando ya barabara zetu hamtaiona tena. Spana 7 na 8 ziwe za mdomo wazi na fupi. Mkono wa tatu, yaani wa kuuvuta waya ukaze huku mikono miwili imeshika spana, utaupata kwa vaisigripu ndogo, lile koleo linalojifunga lenyewe likishabana: ibaneni kwenye ncha ya waya chini ya kifungo, ivuteni kwa goti au kwa mguu, na mkaze. Nilijifunza mbinu hiyo kwa mzee mmoja fundi ambaye hakuwa na kifaa chochote cha dukani cha kazi hiyo, na hadi leo sijaona njia bora zaidi.

Waya wa gia ukikatika sina haja ya kuubadilisha njiani, ingawa naubeba. Kazi hiyo inadai kufungua kichwa cha usukani na kuchomoa waya wa spidi, na usiku ni mateso. Njia ya dharura ni kuzima injini, kufungua kifuniko cha kisanduku cha gia upande wa injini, kusukuma mkono wake hadi gia ya pili huku ukikisogeza chombo mbele na nyuma kidogo, kisha kurudi nyumbani na gia hiyo hiyo moja. Waya wa mafuta ni mwembamba zaidi, na hapa waya wa baiskeli unaweza kukusaidia ukiwa na kile kishikizo kidogo cha kukazwa kwa skrubu. Maduka ya spea za baiskeli yapo hadi vijijini. Kwa breki, hata hivyo, sikubali waya wowote usio wake.

Pancha ni jambo la tatu. Nati tano zinazolishika gurudumu kwenye ngoma ya breki ni za spana namba 13, na nati zinazozishikanisha nusu mbili za rimu nazo ni namba 13. Hapa kuna hatari ambayo lazima niiseme kwa msisitizo: nusu hizo za rimu zimebanwa na upepo uliomo ndani, na mtu akizilegeza nati zake tairi likiwa limejaa zitaachana kwa nguvu ya kuvunja vidole. Fungueni zile za kwenye ngoma tu mnapobadilisha gurudumu. Kama kuna haja ya kulipasua gurudumu ili kuziba tyubu, toeni kwanza upepo wote kwenye valvu mpaka tairi libonyee kwa kidole.

Spana 13 iwe ya ringi, ndefu kama shubiri moja, maana ya mdomo wazi huzila pembe za nati, hasa nati zilizokazwa na mafundi wanaounganisha bomba kwenye spana yao. Legezeni kila nati robo mzunguko gurudumu likiwa bado chini, ndipo mlinyanyue. Kwa gurudumu la nyuma nabeba vibao viwili vya mbao, unene wa sentimita mbili au tatu, ambavyo naviweka chini ya miguu ya stendi. Vinaliinua gurudumu la nyuma kiasi cha kutosha na vinaizuia stendi isizame mchangani. Havionekani kama vifaa, na fundi wangu alipoviona kwenye mfuko aliniuliza ni vya nini, lakini bila hivyo kazi ya dakika kumi na tano ingenihitaji mtu wa pili wa kunishikia chombo. Zingatieni zile washa za springi chini ya nati, zote zirudi mahali pake. Nabeba nati mbili na washa mbili za ziada.

Upepo nao upimwe kabla ya safari: mbele kama psi 18, nyuma kama 25 ukiwa peke yako na 36 ukipakia mtu. Gurudumu la akiba nalijaza kama la nyuma lenye abiria, kwa kuwa ni rahisi kupunguza upepo barabarani kuliko kuuongeza. Mwenye nafasi abebe pia viraka, gundi, msasa na pampu ndogo, kwa ajili ya pancha ya pili.

Kabureta haina mengi. Kwenye PX ni Dell'Orto ya aina ya SI, imekaa ndani ya kisanduku upande wa kulia, na ukiondoa ubavu na skrubu mbili za kifuniko utaziona jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupimia petroli, zimesimama wima zikikutazama. Bisibisi bapa mbili zinatosha, lakini ncha ya bisibisi iujaze mfereji wa jeti kwa upana wake wote, kwa sababu jeti ni ya shaba laini na ikilika kichwa haitoki tena. Zipulizeni kwa mdomo, na kwa tundu lililoziba tumieni unywele wa brashi ya nailoni. Msichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo, mchanganyiko wa petroli na hewa hubadilika na injini haitaenda sawa tena. Nabeba pia kipande cha mpira wa petroli cha sentimita thelathini.

Oili ya mchanganyiko ni ya lazima kuliko spana yoyote. PX inataka asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, isipokuwa zile zenye tangi la pekee la oili. Nimechukua chupa ndogo tatu za dawa, kila moja nimeitia mililita 100, na kila chupa ni ya lita tano za petroli. Hivyo kituoni hakuna hesabu wala kubahatisha. Kuna vituo vya mashamba visivyouza oili hiyo kabisa, na petroli tupu humaliza pistoni kabla hujafika mbali.

Vingine navitaja kwa haraka: spana 10 na 11, bisibisi ya nyota, koleo la kawaida, tepu ya umeme, mita moja ya waya wa umeme, fyuzi, balbu ya mbele na ya nyuma zenye volti sahihi kwa chombo chako, na tochi ya kuvaa kichwani. Wenye umeme wa CDI, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachoitawala cheche ya plagi, wakitoka mbali wabebe CDI ya akiba, kwa sababu ikifa hakuna kinachoweza kufanyika barabarani isipokuwa kufunga nyingine. Nyundo, kivutio cha sumaku ya injini, vifaa vya kufungulia klachi na gasketi vibaki nyumbani. Sahani za klachi zilizoungua, beringi iliyokufa au pistoni iliyoshika na kukwaruza silinda ni kazi za gereji. Ukiyafika hayo, utahitaji simu na gari la mizigo.

Mfuko wangu umeshonwa na fundi cherehani kwa mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, una vijaluba kumi na vinne, na kila kijaluba kina kifaa chake. Unakunjwa na kufungwa kwa ukanda. Faida yake kubwa ni kwamba ukimaliza kazi na kijaluba kimoja kikawa wazi, unajua papo hapo kwamba kuna spana umeiacha chini. Ndani yake kuna kipande cha khanga cheupe cha kutandika ardhini ili nati zionekane. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, ambaye ni hewa ya chumvi: spana zangu nazipangusa kwa kitambaa chenye oili kila baada ya mwezi, na waya wa akiba usiokuwa na grisi utaukuta umeshaota kutu kabla hujautumia.

Ombi langu la mwisho kwenye bandiko hili ni zoezi. Chagueni asubuhi moja ya mapumziko, fungueni mfuko wenu uani, na bila kuingia ndani kuchukua kitu chochote badilisheni plagi, waya wa klachi, gurudumu la nyuma, na msafishe jeti. Kila mara mtakapotaka kuinuka kwenda kuchukua kitu, andikeni jina la kitu hicho. Kile ambacho hamkukigusa kabisa, jiulizeni kwa nini mnakibeba.

#2 – Mchangiaji

Shukrani nyingi mleta uzi. Mimi nina Vespa Sprint ya mwaka 1968, ambayo haina CDI. Je, kwa sisi wenye pointi, yaani vile vyuma viwili vinavyofunguka na kufungana ili kutoa cheche, mfuko unabadilika? Njiani imewahi kunizimikia ikiwa ya moto, nikakaa nusu saa, ikawaka tena.

#3 – Mleta uzi

Unabadilika kidogo, ndugu yangu. Ongeza vitu vitatu: kipimo cha pengo la pointi, na utosheke na kile kijibamba kimoja cha milimita 0.4 badala ya kubeba seti nzima, kipande cha msasa laini sana, na bisibisi bapa nyembamba yenye shingo ndefu. Kwenye sumaku ya injini kuna dirisha dogo. Unazungusha sumaku taratibu mpaka pointi zifunguke kabisa mbele ya dirisha hilo, ndipo unapima na kurekebisha. Bisibisi fupi na nene haipiti hapo, na nimeona watu wakilazimika kuvua sumaku yote kwa kazi ambayo haikuhitaji hivyo. Baada ya kusugua pointi kwa msasa, pitisha kati yake kipande cha karatasi safi, kwa sababu unga unaobaki huzuia umeme kama uchafu wa mwanzo ulivyouzuia.

Kuhusu kuzima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa, mshukiwa wangu wa kwanza ni kapasita. Itazame cheche ya plagi chombo kikiwa cha moto: kama ni dhaifu na ya njano, na pointi zinaungua haraka, ibadilishe kapasita hiyo nyumbani kabla ya safari nyingine. Iko nyuma ya sumaku, kwa hiyo usiiweke kwenye mipango ya barabarani. Na unapojaribu cheche, plagi iguse chuma cha silinda mbali na tundu lake, maana mvuke wa petroli unaotoka pale huweza kushika moto.

#4 – Mchangiaji

Nakubaliana na mengi, lakini naomba nitofautiane kwa heshima. Hapa Dar es Salaam kila baada ya hatua chache kuna fundi wa bodaboda aliyekaa chini ya mwembe na boksi lake. Kwa nini nijitwike kilo tatu za chuma wakati fundi yupo na ana uzoefu kuliko mimi?

#5 – Mleta uzi

Hoja yako ni nzuri, mkuu, na kwa pancha au upepo mimi mwenyewe huwaendea hao hao bila kusita. Shida iko kwenye namba za spana. Pikipiki nyingi za bodaboda zimejengwa kwa mpangilio wa Kijapani, na fundi wake hukamilisha karibu kila kazi kwa 8, 10, 12, 14 na 17. Vespa ni ya Kiitaliano: kichwa cha silinda cha PX 125 na 150 kinafungwa kwa nati za namba 11, magurudumu ni namba 13, na kile kifungo cha waya kinataka 7. Nimeshuhudia fundi mwenye nia njema kabisa akiifungua nati ya 11 kwa spana 12, ikateleza, na pembe zote sita zikaisha. Kosa halikuwa lake peke yake, kwa sababu mwenye chombo ndiye aliyefika mikono mitupu. Ukimpa spana sahihi kutoka kwenye mfuko wako, uzoefu wake na vifaa vyako vitafanya kazi nzuri pamoja. Kwa safari za mjini, basi, punguza mfuko ubaki na plagi, spana ya plagi, spana 7, 8, 11 na 13, waya wa klachi na kifungo chake, bisibisi na oili. Hiyo haifiki kilo moja.

Vilevile fikiria saa ya usiku. Ukitoka Nungwi saa tatu usiku, una kama kilomita sitini hadi Mji Mkongwe, na mafundi wote wameshafunga.

#6 – Mchangiaji

Na sisi wenye Bajaj Chetak? Na kuna jamaa yangu Mombasa ana Lambretta, naye nimemtumia uzi huu.

#7 – Mleta uzi

Chetak ni ndugu wa karibu. Bajaj ilikuwa ikitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio nchini India, na leseni ilipokwisha mwaka 1971 ikaendelea na chombo chake chenye jina la farasi wa Maharana Pratap. Utaratibu wa nyaya, vifungo na rimu za nusu mbili ni ule ule, lakini usichukulie kwamba kila spea inaingia. Waya wa akiba upimwe kwenye chombo chako, na plagi ilinganishwe urefu wa shingo na ile iliyomo.

Lambretta, ya kiwanda cha Innocenti cha Milano, ina mpango tofauti. Gurudumu la mbele limeshikwa na uma pande zote mbili na linafungwa kwa ekseli, kwa hiyo kulitoa kunadai spana kubwa za nati za ekseli ambazo mwenye Vespa hazihitaji. Jamaa yako aanze na ekseli hiyo: azipime nati zake pande zote mbili, abebe spana hizo mbili, kisha aendelee na zoezi la uani kama wengine. Onyo la kutoa upepo kabla ya kupasua rimu linamhusu pia.

#8 – Mchangiaji

Mleta uzi, nimefanya zoezi lako Jumapili hii na narudi na taarifa. Plagi, dakika nne. Jeti, dakika kumi na tano pamoja na kutafuta skrubu moja iliyoangukia ndani ya kisanduku cha kabureta. Waya wa klachi, saa moja na dakika kumi, na nililazimika kuingia ndani mara mbili: mara ya kwanza kuchukua bisibisi ya kufungulia mkono wa klachi ili kichwa cha waya kikae mahali pake, na mara ya pili kuchukua spana ya kulegezea kirekebishio. Gurudumu lilitoka vizuri juu ya vibao. Lakini nilipotaka kuongeza upepo kwenye gurudumu la akiba, pampu yangu ya baiskeli haikushika valvu hata kidogo. Nimeitumia pampu hiyo miaka minane kwa baiskeli ya mtoto, sikuwahi kuifikiria.

#9 – Mleta uzi

Umenifundisha jambo, ndugu yangu, kwa sababu hilo la pampu nililisahau kuliandika na lilinipata mimi pia. Baiskeli zetu nyingi, zile za mzigo na za kawaida, zina valvu ya aina ya zamani yenye shingo nyembamba, na pampu zake zimetengenezwa kwa hiyo. Tyubu ya vespa ina valvu kama ya gari. Tafuta kiunganishi kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye mdomo wa pampu. Ni kidogo kama kokwa ya ubuyu, kwa hiyo kitoboe au kizungushie uzi imara na ukifunge kwenye pampu yenyewe kisitengane nayo. Kisha hesabu mara ngapi unapiga ili kulijaza tairi kutoka sifuri hadi psi 25, ili ujue kwa hakika kama pampu hiyo inafaa au mkono utachoka kabla.

Kwa klachi, saa moja na dakika kumi kwa mara ya kwanza si mbaya. Rudia wiki ijayo kwa waya ule ule, safari hii baada ya magharibi, ukiwa na tochi ya kichwani tu, na utuletee muda wako hapa.